Ryzen 5 1600 imechoka au ni mimi? Nibadilishe prosesa tu au niuze PC yote

Kijana_wa_Ubungo

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijaingia mkenge. Nina PC yangu niliiunga 2018, ndani kuna Ryzen 5 1600, mazabodi ya B350, RAM DDR4 16GB (pisi mbili za 8), kadi ni GTX 1660 Super niliyoiweka 2021 baada ya ile ya kwanza kufa. SSD ipo ya 500GB, pawa saplai wati 550, monita ya hazi 144. Miaka yote haijawahi kunisumbua ila tangu CS2 (Counter-Strike 2) ije ichukue nafasi ya CS:GO mwaka 2023 sina raha kabisa, nikiwa nimebana kona peke yangu FPS (picha kwa sekunde) inasoma 120, 130, halafu mtu arushe bomu la moshi, watokee watu wanne kwa mpigo, inadondoka mpaka arobaini na kitu, picha inaganda, inaporudi nshakufa naangalia maiti yangu mwenyewe. GTA V nayo nikikimbiza gari katikati ya mji inakatakata. Washkaji wameanza kuniita mzigo.

Sasa kuna jamaa Kariakoo kaniambia nichukue Ryzen 5 5600 kwa laki tatu na ishirini, mwingine duka la pili yake kasema hiyo ni kupaka rangi nyumba inayobomoka, niuze yote nihamie AM5 (soketi mpya ya prosesa za AMD), kwa hesabu zake nikiwa na milioni na laki tatu naingia. Hiyo milioni sina. Nina laki nne na nusu na humo humo kuna hela ya ada ya mdogo wangu ambayo mama hajui kama bado ninayo mimi 😅

Halafu Windows 10 ndo hivyo Microsoft walishaacha kuihudumia Oktoba 2025, na hii 1600 haimo kwenye orodha ya Windows 11.

Swali langu: prosesa peke yake itanitoa au tatizo ni kadi? Nisije nikatoa hela nikajikuta pale pale.

Chogo_Gamer

Uza hilo kopo chukua PS5. Unachomeka unacheza, mambo ya BIOS sijui RAM unawaachia wenyewe.

Kijana_wa_Ubungo

Mkuu CS2 haipo PS5, na hii PC ndo naedit video za harusi wikendi, hiyo PS5 nitaeditia nini

MzeeWaFremu

Mdogo wangu usitoe hata mia kwanza. Watu hapa watakwambia nunua hiki nunua kile lakini hakuna aliyeona PC yako inafanya nini wakati ule inapoganda. Pima.

Pakua MSI Afterburner, inakuja na RivaTuner, iseti ionyeshe juu ya skrini matumizi ya GPU (hiyo kadi yako), matumizi ya prosesa kwa kila thredi, yaani kila njia ya kazi ndani yake (usiweke ile ya jumla, ntakwambia kwa nini), na FPS. Ingia mechi yenye watu, cheza kama dakika kumi, macho yawe kwenye namba pale inapodondoka. GPU ikisoma 97, 98 muda wote, kadi ndo imefika mwisho, prosesa mpya haitakusaidia kitu. Ikisoma 50, 60 huku FPS iko chini, maana yake kadi imekaa inasubiri kazi na mtu wa kuileta hiyo kazi ndo anachelewa, yaani prosesa au RAM.

Kuhusu ile ya jumla, 1600 yako ina kori 6 thredi 12, gemu linaweza kuwa limebanwa na thredi moja tu inayosoma 100 wakati nyingine zinapiga miayo, ukiangalia jumla unaona 40% unasema aa prosesa ina nafasi kumbe hamna.

Kipimo cha pili hakihitaji programu yoyote. Shusha gemu kutoka 1080p mpaka 720p na grafiki zote chini. FPS ikiruka juu sana, kadi ndo ilikuwa inakubana. Ikibaki pale pale, umempata mwizi wako.

Na ukimaliza fungua Task Manager, upande wa memori, niambie hapo kwenye spidi pameandikwa ngapi. Kisha fungua kifuniko cha keba (boksi la PC) uniambie RAM ziko sloti zipi ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Kijana_wa_Ubungo

Asante mkuu ngoja nipime, nitarudi usiku

Babu_Optiplex

Nikiwa nasubiri majibu ya kijana niseme tu kwamba wewe una bahati hujui. Mi natumia Dell Optiplex ya mtumba zile zilizotoka Ulaya maofisini, i5-6500, nimechomeka GTX 1650 ile isiyohitaji waya wa umeme maana pawa saplai yake yenyewe ni ya kipimo cha ofisi. Nilipotaka kupandisha prosesa nikagundua njia yangu inaishia i7-6700, kori ni zile zile 4 ila thredi zinakuwa 8, basi. Prosesa za Intel kizazi cha nane zinaingia kwenye soketi yenye jina lile lile la LGA1151, tundu zile zile ukiziangalia kwa macho, lakini bodi za zamani hazizikubali. Nilinunua hiyo i7 ya mtumba kwa laki na kitu, imesaidia kiasi, ila nikitaka zaidi ya hapo ni kutupa bodi, na bodi ya Dell haiendi na keba nyingine wala pawa saplai nyingine hivyo unatupa yote. Nyie wa AM4 (soketi ya bodi ya kijana) mmeolewa vizuri, bodi ya 2017 inameza prosesa ya 2022.

Kijana_wa_Ubungo

Nimerudi wakuu. Majibu haya hapa:

GPU inacheza 50 mpaka 58 muda wote, pale kwenye moshi inashuka mpaka 35. Kuna thredi mbili zinagonga 100, nyingine zipo thelathini thelathini. Nimeshusha 720p grafiki zote chini, FPS zimeongezeka kama nne tu hata sina uhakika kama zimeongezeka.

Task Manager inasema spidi 2133. RAM zenyewe zimeandikwa 3200 kwenye stika!! Na sloti ni ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa, zimebanana kama mapacha.

MzeeWaFremu

Hahahaa nilijua tu. Kaka aliyekuungia PC alikuwa na haraka ya kufunga duka.

Sikiliza. Bodi yako ina sloti nne lakini barabara ni mbili, sloti 1 na 2 ni barabara moja, 3 na 4 ni nyingine. Ukiziweka pamoja zinapita njia moja, ile nyingine imekaa bure tangu 2018. Zihamishie ya pili na ya nne. Halafu ingia BIOS (ile programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows) utafute neno DOCP au A-XMP au XMP, inategemea bodi ya nani, uiwashe, bila hiyo RAM inaamka na spidi ya kuzaliwa ambayo ndo hiyo 2133 unayoiona. Kwa Ryzen za kwanza 3200 mara nyingi inagoma, PC itawaka na kuzima yenyewe mara mbili tatu halafu inarudi pale pale ilipokuwa, usishtuke, weka 2933 ujaribu. Ryzen za mwanzo zinapenda sana RAM yenye spidi kwa sababu ule mfumo wa kuunganisha makundi ya kori ndani ya prosesa unatembea na mwendo wa RAM, RAM ikilala nayo inalala.

Hii ni bure. Fanya leo hii.

Kijana_wa_Ubungo

Mkuu sijui nikupe nini. 3200 imegoma kweli kama ulivyosema, 2933 imekubali. FPS ile ya chini kabisa ilikuwa inafika 43 sasa inagusa 58, 60. Haijaisha lakini, kwenye moshi bado inagugumia, ila sasa angalau namwona anayeniua. Miaka saba nimekula hasara bila kujua, nikikutana na yule fundi...

Sasa na hii tuseme bado ninunue 5600?

Dada_Hazi144

Nunua mdogo wangu, kwa matumizi yako mimi nasema nunua, na nitakwambia kwa nini ili ukienda dukani usizungushwe.

1600 yako kori zake sita zimegawanywa makundi mawili ya tatu tatu, kila kundi lina kache (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) yake ya 8MB, na kundi hili likitaka kitu kilichopo kwa kundi lile lazima kizunguke njia ndefu. Chukulia jiko mbili nyumba mbili, chumvi iko kwa jirani. Kwenye 5600 kori zote sita ziko jiko moja na kache ni 32MB zote wanachota. Spidi nayo, 1600 ukiisukuma sana inafika 3.6GHz, 5600 inafika 4.4, na kila mzunguko mmoja inafanya kazi nyingi kuliko ya kwako. Umeme ule ule wati 65 kwahiyo pawa saplai yako wala haitajua kama kuna mgeni. Gemu kama CS2 zinakula hivyo vitu, ndo maana wenye hela wanakimbilia zile za X3D zenye kache 96MB. Na Windows 11 inaikubali 5600 bila ujanja ujanja.

Tahadhari moja ya dukani. Wakikwambia 5600 imeisha chukua 5500 au 5600G ni mle mle, kataa, hizo zote mbili kache ni 16MB, nusu. Soma maandishi juu ya chuma chenyewe kwa macho yako, boksi lisikudanganye. Na ukiikuta ya mtumba igeuze uangalie pini kwa mwanga wa simu, ulaze tochi kwa pembeni, pini iliyopinda inaonekana kwa kivuli chake.

Tajiri_Mtoto

Naona wote mnamshauri kijana aweke hela kwenye jukwaa lililokufa. AM4 imeisha, AM5 ndo ya kwenda nayo mbele. Na hata akiweka hiyo 5600, akija kutaka kucheza hizi gemu mpya nzito zenye hadithi, kadi ya 6GB ndo itamkwamisha, atarudi hapa hapa kulia. Bora asubiri ajichange.

Dada_Hazi144

Hapo kwenye kadi nakubaliana na wewe kabisa, angekuwa anacheza Cyberpunk ningemwambia prosesa aache, laki tatu aiweke kwenye kadi, hata RX 6600 ya mtumba. Ila kasema CS2 na GTA V, na namba zake si unaziona, kadi inalala 50%. Tunatibu anachoumwa.

Kwenye AM5 ndo sikubaliani. AM5 haichukui DDR4, lazima anunue RAM mpya, na umeangalia bei ya RAM karibuni? Tangu mwishoni mwa 2025 zimepaa dunia nzima, viwanda vinakimbilia memori za seva za AI huko kwenye hela, sisi wa pisi mbili mbili hakuna anayetujali. Hiyo hesabu ya milioni na laki tatu aliyopewa nina wasiwasi ni ya mwaka jana. Wakati RAM 16 tayari anazo, zimekaa pale, na kwenye 5600 ile 3200 iliyogoma itakubali.

Tajiri_Mtoto

Sawa bei ya RAM nimekubali 🙌

Chuma_cha_Likoni

Niaje wadau, salamu kutoka Mombasa. Nimesoma yote na hakuna aliyemwambia kuhusu BIOS, sasa wacha mimi niseme maana mimi ndiye niliyeungua.

Bodi ya B350 haiijui 5600 mpaka uipe BIOS mpya, AMD walifungua hiyo njia kwa bodi za zamani 2022. Na lazima uiweke hiyo BIOS wakati prosesa YA ZAMANI bado imo, ukitoa ile ukaweka mpya kwanza utapata feni zazunguka na skrini nyeusi, utadhani umeuziwa mbovu uende ukagombane na mtu wa watu. Ingia tovuti ya wenye bodi, tafuta jina kamili la bodi yako na namba ya toleo iliyoandikwa kwa bodi yenyewe, angalia orodha ya prosesa kama 5600 imo, na usome yale maelezo madogo madogo maana bodi nyingine hutaka upitie BIOS ya katikati kwanza ndio ukubaliwe ya mwisho.

Sasa yaliyonikuta. Mwaka juzi nilikuwa na bodi ya B450, faili nimetia kwa fleshi, nimeingia, imeanza kuandika, ishirini, arubaini, sitini na kitu, pap, stima ikapotea mtaa mzima. Hata sikupiga kelele bwana, nilikaa tu gizani nimeshika kiuno. Iliporudi nabonyeza swichi, feni zazunguka, kibodi haina taa, skrini tititi. Siku tatu sijala vizuri. Baadaye nikapata fundi mmoja kijana mdogo, akaja na kile kidude cha CH341A na kibano chake, akakibana kwa kile kichipu cha miguu minane pale kwa bodi, upande wa pili amechomeka laptopu. Kile kibano kikikaa vibaya hakisomi, alibana akatoa, akabana akatoa, mara sita hivi, jasho lamtoka mpaka kwa pua, ya saba kikasoma. Akaiandikia upya, bodi ikafufuka. Alinitoza elfu mbili mia tano na mimi nikamwongezea ya soda.

Kwahiyo azima UPS. Hata kwa mtu wa saiba, hata kwa jirani, saa moja tu. Na usifanye usiku ule wakati wa stima kuchezacheza.

MzeeWaFremu

Huyu kaongea. Niongezee, ukiwasha mara ya kwanza na prosesa mpya bodi inaweza kukuuliza kuhusu fTPM (sehemu ya kutunza funguo za usalama), ubonyeze Y au N. Kama uliwahi kuwasha BitLocker (kufuli la diski la Windows) hakikisha ule ufunguo wa tarakimu 48 umeuandika mahali kabla hujagusa kitu. Kama hujawahi, Y, endelea. Na BIOS mpya inafuta setingi zako, DOCP utaiwasha upya.

Dada_Hazi144

Na kutoa hitisinki (ile ya kupoza prosesa) jamani, hapo ndo watu wanalia. AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe, 1331, nyembamba kama unywele. Ile pesti ya 2018 (ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) imeshakauka imekuwa gundi, ukivuta hitisinki juu kwa nguvu prosesa inang'oka nayo hata kama ile leva ya pembeni umeifunga. Cheza gemu nusu saa kwanza ipate moto. Zima, chomoa waya, LAZA keba kwa ubavu, maana hitisinki yako kama ni ile Wraith Spire iliyokuja na 1600 ina skrubu nne zinazoshika chuma cha nyuma ya bodi, ukizitoa keba ikiwa imesimama kile chuma kinadondokea nyuma huko unaanza kukitafuta na kijiti. Fungua skrubu kwa mshazari, kisha zungusha hitisinki kushoto kulia taratibu kama unafungua kifuniko cha chupa ya chai iliyobana, ukisikia imeachia ndo unyanyue. Futa na spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya. Pesti mpya kiasi cha punje ya choroko tu katikati, usipake kama siagi ya mkate.

Na hiyo Spire usiitupe, ni nene kuliko ile Stealth inayokuja kwenye boksi la 5600. Rudisha ya zamani.

Kijana_wa_Ubungo

Wakuu samahani nilipotea wiki mbili, nilikuwa nasubiri hela ya harusi moja ili ada ya dogo niitoe salama kwanza. Imetoka, mama hana habari, tuendelee.

Nimechukua 5600, laki tatu na tano baada ya kubishana mpaka muuzaji akanipa kiti nikae. Na kweli alianza na "5600 imeisha bosi, chukua hii G ina na grafiki za ndani", nikamwambia naomba nisome juu ya chuma, akaenda nyuma akarudi na 5600. Dada yangu ubarikiwe.

UPS nimeazima kwa mama wa steshenari hapa jirani, nimembebea hadi na betri lake. BIOS ilitaka hatua mbili kweli kama alivyosema kaka wa Likoni, ya katikati halafu ya mwisho, dakika zile nne nne nilikuwa sipumui na umeme wala haukukatika, siku hiyo ulikuwepo kutwa nzima kama unanitania.

Kwenye hitisinki sasa. Nilicheza nusu saa, nikalaza keba, nikazungusha taratibu, nikasikia imeachia, nikanyanyua... na prosesa imekuja nayo 😭 imeng'ang'ania chini kama kupe. Nadhani nilichelewa kwenye skrubu ya nne, ilikuwa imeliwa kichwa, nikahangaika nayo mpaka pakapoa. Nikaitenganisha kwa uzi wa kusafishia meno, nikaupitisha katikati nikawa kama nasaga. Soketi haina neno.

5600 imewaka mara ya kwanza. RAM imekubali 3200. Kwenye ile mechi ya kawaida nacheza 170 mpaka 190, kwenye moshi ile ya chini kabisa niliyoiona ni 88, na GPU sasa inasoma 90 na kitu, yaani kadi imeamshwa usingizini. GTA V mjini inateleza. Video za harusi nazo zinatoka mapema, hiyo sikuitegemea. Windows 11 naweka Jumapili.

Bado naua watu wachache sana lakini sasa siwezi kusingizia PC.

Swali la mwisho, ile 1600 kuna anayeihitaji? Inafanya kazi, pini mbili za pembeni zilipinda nikazinyoosha na ile penseli ya kubonyeza isiyo na risasi, nimezihesabia kwa tochi zimenyooka.

Babu_Optiplex

Nakuja PM. Kuna mpwa wangu ana bodi ya A320 imekaa tu haina prosesa. Usinipe bei ya Kariakoo, nipe bei ya babu.